Kila Nikipanda, Ametangulia

Mimi simwamini mtu mpaka nione. Sikuzaliwa hivyo, nilifundishwa. Mama yangu aliuza viazi sokoni Mwanjelwa, Mbeya mjini, na kabla hajanunua gunia alikuwa analimwaga lote chini mbele ya mwenyewe, hata kama mwenyewe ni shemeji yake. Viazi vya juu vimepangwa, alikuwa akisema, mimi nataka kuviona vya chini. Watu walimnunia, yeye wala. Mimi ndiye niliyekuwa nakusanya viazi vilivyomwagwa, na tabia ikaniingia taratibu. Hadi leo ukinipigia simu ukaniambia uko njiani, nakuuliza umefika wapi, na hiyo redio inayolia nyuma yako ni ya nani.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, umpe atunze chombo ambacho mwanga wake hauonekani kwa macho.

Kiwanda kilikuwa nje kidogo ya Mafinga, kinatengeneza plaiwudi. Boila yake ilikuwa inachoma magome na maranda ya misonobari, na moshi ulitoka kwa bomba kubwa la bati nene, pana kiasi kwamba watu wawili wangeweza kulala ndani wakanyoosha miguu. Kwenye bomba hilo, juu kabisa ya jengo la boila, chini ya kipaa cha bati kilicho wazi pembeni, ndipo kilipofungwa chombo changu. Upande mmoja kuna kichwa kinachorusha leza. Upande wa pili, kikitazamana nacho, kuna kichwa kinachopokea, chenye kioo kidogo cha kusomea namba. Leza inakatiza katikati ya moshi, na chombo kinakwambia gesi ya mkaa imejaa kiasi gani. Ni gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani wakati wa baridi. Ikijaa kwenye boila, boila inaweza kulipuka.

Kukilenga chombo hicho ni kazi ya subira, na mimi subira sina, nina ubishi tu. Kila kichwa kimekalia mpira wa duara, kimeshikwa na bolti nne. Ukikaza bolti ya huku, kichwa kinainama kule, kidogo tu, jicho halioni. Huoni mwanga ukisogea. Unachokiona ni namba: kati ya mwanga uliorushwa, umefika asilimia ngapi. Unakaza, namba inapanda, unakaza, inapanda, mpaka ianze kushuka. Hapo ndipo unajua kilele umekipita, unarudi nyuma kidogo. Kilele chenyewe hukijui mpaka ukipite. Nilikuwa nakaa pale juu nanung'unika peke yangu, kwamba hiyo namba nani kanihakikishia ni ya kweli.

Mwenye boila, yaani aliyekuwa akiuendesha moto, alikuwa mzee wa Kihehe kutoka Kilolo. Alikuwa kiwandani tangu kinaanza. Kabla ya chombo kuletwa, yeye alikuwa anachungulia moto kwenye kitundu, anatoka nje anaangalia moshi, anarudi anaongeza hewa kwa mkono wake. Siku tulipokifunga chombo alipanda kukiangalia, akakizunguka, akasema, "Kumbe siku hizi hata moto una mlinzi."

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Sentensi hiyo niliiweka akiba.

Nisiwe mbaya kwake, alikuwa na utu. Zamu yake ilikuwa asubuhi, na asubuhi za Mafinga kuanzia mwezi wa sita ni balaa. Ukungu, manyunyu, upepo unaotafuta mfupa. Mimi nilikuwa nafika kwa bodaboda nimelowa chapachapa ndani ya koti langu, koti kubwa la sufu nililolinunua kwenye mitumba Iringa mjini. Lilikuwa linafika magotini, na likishakunywa maji lilikuwa zito kama mtoto aliyelala. Mzee alikuwa anasimama mlangoni pa boila, anapokea makoti ya zamu nzima, kwa sababu kwa desturi yao pale mkubwa wa zamu ndiye anayeangalia watu wake wasipate homa. "Kamwene, mwanangu," ananisalimu kwa Kihehe. "Lete koti. Utakaa na maji mgongoni siku nzima?" Anayapandisha juu kwenye joto la bomba, anayatundika kwenye reli. Ukilipata la kwako limekauka, linanukia moshi wa msonobari. Zamu nyingine kila mtu alilishughulikia koti lake mwenyewe.

Basi namba ikaanza kushuka.

Mara ya kwanza nilikuwa karakana. Redio ikaniita: fundi, leza imepoteza mwanga. Chombo kikipoteza mwanga, mitambo inaacha kujiendesha, na moto unarudi mikononi mwa mzee, kama zamani. Nikavuka uwanja kwa manyunyu, nikapanda ngazi ya nje, nikafika juu nahema. Namba iko themanini na kitu, nzuri kabisa. Na mzee amesimama pembeni ya kichwa cha kupokea, amelishika koti langu.

"Vaa, mwanangu. Huku juu upepo."

Nikavaa. Nikamuuliza amegusa nini. Akasema hajagusa kitu. Nikamwangalia usoni, naye akaniangalia kwa upole, na mimi upole wa mtu niliyemkuta mahali ambapo hakuwa na kazi huwa unaniwasha.

Ikatokea tena, na tena. Kwanza nikausingizia ukungu, kwa sababu ilikuwa inatokea asubuhi zenye manyunyu. Nikafungua vioo, nikavifuta, nikakagua hewa inayopulizwa kuvikinga na masizi. Vilikuwa vinang'aa. Halafu nikagundua kuwa ukungu unashuka hata zamu za wengine, lakini namba haishuki. Inashuka mzee akiwepo. Akiwa mapumziko, asubuhi ile ile, ukungu ule ule, namba imetulia tuli. Eeh! Nikasema moyoni, haya, gunia limeanza kumwagika.

Sababu anayo. Chombo kikizima, moto unakuwa wake. Alishasema mwenyewe habari za mlinzi. Na kila nikipanda, ametangulia. Mtu mwenye umri ule, nikiwa naziona hatua za kwanza za ngazi, yeye tayari yuko juu. Anatangulia kufanya nini kama si kurudisha alichokiharibu?

Nikanunua rangi ya kucha, nyekundu. Usicheke. Ni mbinu ya mafundi: unapaka mstari kutoka kwenye nati hadi kwenye bati lililo chini yake, na mtu akiizungusha nati hata kidogo, mstari unakatika. Nikapaka zote nane, za vichwa vyote viwili, sikumwambia mtu. Wiki ile manyunyu hayakukatika. Redio ikaniita, nikapanda mbio, nikamkuta mzee na koti langu mkononi, namba imesharudi juu. Nikasubiri ashuke. Nikapiga magoti nikakagua mstari mmoja mmoja.

Mizima. Yote nane.

Mtu mwenye akili timamu angesema, basi, mzee wa watu hana hatia. Mimi nilisema, loo, kumbe huyu ni fundi kuliko nilivyodhani! Nilimwogopa zaidi. Nikaanza kumwangalia mikono wakati wa chai, jinsi anavyomenya kiazi cha moto bila kuungua, nikawaza vidole hivi vinaweza lolote.

Siku moja nikaamua kumvizia. Redio ilipoita tu, sikujibu. Nikatoka kwa mlango wa nyuma wa karakana, nikapita nyuma ya rundo la magome, nikaingia kwenye ngazi ya nje kimyakimya. Nilikuwa katikati ya ngazi niliposikia mabuti ndani ya jengo, kwenye ngazi ya ndani, yanapanda kwa haraka. Ameniona dirishani! Nikakimbia. Nikateleza, goti likagonga chuma, nikainuka nikakimbia tena. Nilipotokeza juu mzee alikuwa ameshafika, anahema kwa mdomo, koti langu amelikunjua tayari kwa kuvaliwa.

"Mzee, mbona kila nikipanda umetangulia?"

Akacheka, huku ameshika kiuno. "Miguu imezoea, mwanangu. Vaa kwanza."

Nikavaa kwa hasira. Kulikuwa na joto zuri ndani ya koti lile, na hata joto hilo lilinikera.

Kisha boila ikakohoa. Ndivyo tulivyokuwa tunasema. Asubuhi moja ya manyunyu leza ilipoteza mwanga, mara hii muda mrefu, kwa kuwa mimi nilikuwa nimetumwa mjini kwa gari kufuata vipuri, hata koti sikulichukua. Magome yaliyoletwa yalikuwa mabichi, gesi ikajaa bila mtu kujua, ikawaka kwa mkupuo mmoja. Mlango wa kuchungulia moto ukaruka, mabati yakatetemeka mpaka ofisini. Hakuna aliyeumia. Mzee ndiye aliyeukata moto, nyusi zake zikaungua ncha. Lakini meneja alitoka ofisini amekuwa mweupe, na alipopata sauti yake, jina la kwanza kulitaja lilikuwa la mzee.

Meneja alikuwa mtu wa Dar es Salaam, mwembamba, mwenye baridi ya kudumu. Naye alikuwa ameshaunganisha zamu na namba, si mimi peke yangu. Mzee akasimamishwa kazi palepale, akaambiwa asikanyage kiwandani mpaka Jumatatu ya wiki inayofuata. Mimi nikaitwa ofisini.

"Fundi, sitaki maelezo marefu. Jumatatu utaniambia neno moja. Anakichezea, au hakichezei. Wewe ndiye unayekijua."

"Na nikisema anakichezea?"

"Anaondoka. Hujuma ni hujuma."

Mzee alikuwa amebakiza kidogo tu astaafu. Akifukuzwa kwa hujuma anaondoka mikono mitupu, na Kilolo nzima watamjua kama mtu aliyetaka kulipua wenzake. Meneja aliyajua hayo. Na mimi niliyajua. Nilitoka ofisini nikiwa na neno langu mdomoni tayari, na nasema ukweli, neno lenyewe lilikuwa "anakichezea". Kilichonizuia kulisema palepale ni ukorofi wangu tu: nilitaka kwanza nijue anafanyaje.

Wiki ile manyunyu yalinyesha kila siku. Namba haikutikisika. Kule kukohoa kulikuwa kumekisogeza kichwa kidogo, ikawa inasoma sitini na kitu badala ya themanini, lakini ilikaa hapohapo kama imegandishwa. Meneja alikuwa anapita karakana kunipigia mluzi. "Umeona? Mwenyewe kaondoka, ugonjwa umepona." Nikamjibu ndiyo, bosi. Ilikuwa kweli tupu, nani angebisha? Mlangoni pa boila hapakuwa na mtu wa kupokea makoti, kila mmoja alikaa na maji yake mgongoni. Mimi nililitundika la kwangu nyuma ya kiti karakana, likawa linatona sakafuni mpaka jioni, na jioni nikalivaa bichi. Nilipata kikohozi. Nilikasirika, na sikujua namkasirikia nani.

Jumamosi asubuhi nikapanda kukilenga upya, ili Jumatatu nikisimama mbele ya meneja chombo kiwe sawasawa. Nilipanda peke yangu na koti langu likiwa limelowa, mikono yake inachuruzika maji kwenye spana. Nikaanza. Bolti ya juu robo mzunguko, namba ikapanda. Ya kushoto, ikapanda. Ya chini, ikashuka, nikarudi. Nilizunguka bolti zote nne za kichwa cha kupokea kwa mtindo huo, asubuhi nzima, mpaka ikafika themanini na sita, na nilipojaribu kuisukuma zaidi ikaanza kushuka. Nikairudisha. Nikakaza kila kitu. Nikaitazama namba ile kwa muda, kwa kweli nilijisikia vizuri.

Bomba lilikuwa linachemka pembeni yangu na jasho lilikuwa limechanganyika na maji ya koti. Nikavua koti nipake rangi ya kucha upya. Reli ilikuwa mbali hatua kadhaa, imejaa masizi ya ile siku boila ilipokohoa. Mbele yangu kichwa cha kupokea kilikuwa kimechomoza kwenye bomba, cha mviringo, kina joto, kiko usawa wa kifua. Nikalitundika hapo. Nikainama kutafuta kichupa cha rangi mfukoni mwa suruali.

King'ora kikalia.

Nikainua macho. Sabini. Hamsini. Thelathini. Na unajua nilichofanya? Niligeuka kumtafuta mzee. Wallahi. Nilisema kwa sauti, "Amerudi! Kapitia wapi?" Nikazunguka nyuma ya bomba na spana mkononi, nikachungulia ngazi ya ndani, nikachungulia ngazi ya nje. Hakuna mtu. Mvua tu, na chini uwanjani lori la magogo linageuza.

Nikarudi nikasimama mbele ya koti langu. Lilikuwa linaning'inia pale, limejaa maji, na kichwa kimeinama nalo kwa kiasi kile ambacho jicho halioni. Nikalinyanyua kwa vidole viwili. Namba ikapanda mpaka themanini na sita. Nikaliachia. Ikashuka. Nikalinyanyua tena. Sijui nililinyanyua na kuliachia mara ngapi. Mwishowe nikakaa chini kwenye wavu wa chuma, nimelikumbatia, na maji yake yote yakaniingia kifuani.

Jumatatu meneja hakuniamini. Ndiyo, nilionja dawa yangu mwenyewe.

"Koti? Fundi, nyie watu wa huku mnalindana."

"Mimi wa Mbeya, bosi, yeye wa Kilolo. Tunalindana vipi?"

"Koti linaweza kufanya hivyo?"

"Twende juu. Uje na la kwako, lipite kwenye mvua kwanza."

Alinifuata ngazini akilalamika. Lake lilikuwa jaketi jepesi, likashusha namba kidogo tu, akaanza kutabasamu. Nikavua la kwangu nikalitundika. King'ora kililia masikioni mwake. Akalitoa mwenyewe, akalirudisha mwenyewe, akalitoa. Akanigeukia nalo mkononi.

"Sasa hili ndilo lililokuwa linatundikwa hapa? La kwako?"

"Langu."

Akashuka akimwita dereva. Kabla ya chakula cha mchana dereva alikuwa amekwenda Kilolo kumfuata mzee. Mimi nilimshika mtu wa kuchomelea, nikamsimamia mpaka akaweka ndoano nene kwenye ukuta wa ndani, mbali na chombo, karibu na joto. Nilizijaribu kwa kuning'inia mwenyewe.

Mzee alirudi kesho yake na zamu ya asubuhi. Nyusi zilikuwa zimeanza kuota. Manyunyu yalikuwa palepale. Nilimkuta amesimama mlangoni kama kawaida, nikamwamkia, akaitikia, na kabla hajanyoosha mkono nikamweleza yote: koti, kichwa, mpira wa duara, namba. Niliongea haraka haraka. Nilimwonyesha ndoano kwa kidole. Sikumweleza habari za rangi ya kucha, wala neno lililokuwa mdomoni mwangu wiki nzima.

Alisikiliza akitikisa kichwa. "Masikini! Kumbe nilikuwa nakiumiza kile chombo." Akafikiri. "Ya wenzako nilikuwa naweka kwenye reli. La kwako nikaona ni zito, halikauki upesi, na wewe huku huna ndugu. Nikasema likae pale penye joto zaidi."

"Sikujua, mzee."

"Ungejuaje? Ila niliona unavyoteseka. Unapanda mbio nyuma yangu, siku nyingine unapitia huko kwenye magome unajificha, unaona aibu kuniomba. Nikasema, huyu mtoto baridi inamuua. Ndiyo maana nilikuwa natangulia, ukifika tu ulikute mkononi."

Nilisimama pale mlangoni maji yananitiririka shingoni, nikaanza kufungua vifungo vya koti.

"Haya," akasema, na mkono wake ukanyooka. "Lete koti, mwanangu."

Nikalivua, nikampa. Akageuka nalo kuelekea ngazini, na sikumfuata kuangalia analipeleka wapi.